Kilichobaki Chini ya Majivu: Uoto wa Asili wa Kalemie baada ya Moto na baada ya Katapila

Nchi yenye vilima inayoenea kutoka Kalemie, mji wa Kongo (DRC) ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kuelekea Nyunzu na Moba ni nchi ya miombo, yaani misitu isiyosongamana, yenye nyasi chini yake, ambayo miti yake mingi hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mtu anayevitazama vilima hivyo mwezi wa Septemba, vikiwa vyeusi kwa moto, huona ardhi iliyokufa na hudai mara moja kwamba miche iletwe ipandwe. Dai hilo lina nia njema, lakini limetolewa kabla ya ardhi yenyewe kuchunguzwa.

Miti inayotawala miombo, ile ya jenasi za Brachystegia na Julbernardia, huzaa maganda ambayo, yakikauka, hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali na shina. Mbegu hizo huota mvua zinapoanza au huoza, kwa hiyo udongo hauhifadhi akiba kubwa ya mbegu za kungoja miaka mingi. Akiba ya msitu iko mizizini na kwenye visiki, ambako machipukizi hutokea baada ya shina kukatwa au kuungua. Moto wa nyasi hupita upesi, na joto lake hupungua sana sentimita chache tu chini ya ardhi. Mninga, ambao mbao zake kila seremala anazijua, waonyesha jambo hilo waziwazi: mche wake hufa juu ya ardhi kila kiangazi na kuchipua tena kila masika, kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa chini, hadi upate nguvu ya kutoa shina refu linalostahimili moto.

Hata hivyo, moto si wa namna moja. Katika majaribio yaliyoanzishwa mwaka 1933 karibu na Ndola, Zambia, katika miombo inayofanana na hii, vipande vya msitu vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, vilipoteza miti na kugeuka uwanda wa nyasi. Vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vilibaki na miti. Na vilivyokingwa vilizidi kusongamana. Kwa hiyo, penye visiki hai, kazi ya kwanza ya urejeshaji ni kuuhamisha moto kutoka Septemba hadi Mei au Juni, na kuwazuia wachoma makaa wasirudi kabla machipukizi hayajakomaa. Jambo hili la pili ni gumu kuliko la kwanza, maana mji unapika kwa makaa.

Katapila huleta jeraha jingine kabisa. Barabara inapochongwa, changarawe inapochimbwa, au mawe ya chokaa yanapotolewa kwa ajili ya saruji, kama huko Kabimba, mizizi hung'olewa pamoja na tabaka la juu la udongo. Pamoja nalo huondoka kuvu zinazozingira ncha za mizizi ya miombo, zikiupa mti fosforasi na kupokea sukari. Baadhi yake ndizo zinazotoa uyoga unaouzwa sokoni wakati wa mvua. Hapo kungoja hakutoshi, kwa kuwa mvua husomba udongo uliolegea hadi ziwani na tope hufunika miamba ya pwani wanakoishi samaki wengi wa Tanganyika.

Kisa cha urejeshaji baada ya uchimbaji kinachojulikana zaidi Afrika Mashariki ni cha machimbo ya chokaa ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, ambako René Haller alianza kazi hiyo mwaka 1971. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, tatu tu zilistahimili, mvinje ukiwa mmojawapo, na majongoo waliletwa ili wasage majani yake makavu yawe mboji. Msitu ulipatikana, lakini ulianza kama msitu wa kupandwa. Anayeuiga Kalemie kwa kupanda mikaratusi pekee atapata kuni, si miombo.

Njia iliyo nafuu zaidi hutangulia ujenzi: tabaka la juu la udongo likwanguliwe kando kabla ya kuchimba, liwekwe katika marundo mafupi ili uhai wake usikose hewa, na lirudishwe mapema, kabla ya mvua za Oktoba, likiwa bado na vipande vya mizizi vinavyoweza kuchipua.