Nshomile: Sentensi Iliyogeuka Kivumishi



Nimekuja na neno moja tu, nalo mnalijua. Ukishuka Ngenge, wilayani Muleba mkoani Kagera, ukamkuta mtoto na daftari lake, ukamuuliza kwa Kihaya kama amesoma, atakujibu: nshomile. Hajivuni. N- ni yeye mwenyewe, -shom- ni kusoma, -ile ni alama ya jambo lililokwisha kutendeka. Amesoma, basi. Alama hiyo si ngeni kwa Kiswahili. Washairi wa kale wa Lamu na Pate waliitumia sana, ingawa leo imetutoka mdomoni.

Sasa lisikilizeni neno hilohilo Dar es Salaam. “Yule ni nshomile.” “Acha unshomile wako.” Mtu nshomile, watu nshomile: halibadiliki, kama safi na hodari yasivyobadilika. Sentensi nzima imekuwa kivumishi. Hapa naomba tutulie kidogo. Kama watu wangetaka kusema tu kwamba fulani amesoma, Kihaya kinayo ashomile, na wakiwa wengi, bashomile. Hawakuyachukua hayo. Walichukua nafsi ya kwanza, na “mimi” bado imo ndani. Anayesema “yule ni nshomile” anamwigiza mwenzake, anamsemea kwa sauti ya majivuno ambayo pengine mwenyewe hakuitoa. Kejeli ya neno hili imekaa kwenye herufi ile ya kwanza.

Wahispania nao wana leído, yaani mtu aliyesoma, ingawa kwa umbo lake ni “kilichosomwa”. Wakitaka kumsema anayejionyesha, huongeza: leído y escribido. Hilo la mwisho ni kosa la makusudi, kwa kuwa “kilichoandikwa” kwao ni escrito. Wao humcheka msomi kwa kumvika kosa la sarufi. Sisi tumemcheka kwa kumnukuu.

Na alikuwa na nini cha kusema huyo tunayemnukuu? Wamisionari walifika Kashozi, huko Bukoba, mwaka 1892. Ng'ambo ya mpaka, Buganda, waongofu waliitwa abasomi, wasomaji, kwa sababu kuingia dini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa, askofu wa Rutabo, huku huku Muleba, akawa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuvishwa ukardinali. Josiah Kibira, Mhaya mwenzake, aliongoza Fungamano la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Nyuma yao kulikuwa na wazazi waliouza kahawa ili mtoto aende shule, na kwa wazazi hao nshomile ilikuwa taarifa kwamba kahawa haikupotea bure.

Siwaombi watani wetu wanyamaze. Utani ni undugu, na Mhaya asiyetaniwa Tanzania hii atajiona mgeni. Ninachokikataa ni kijana wa Kagera kuficha alichokijua darasani kwa kuogopa kuitwa nshomile. Nimewafundisha vijana wa namna hiyo. Jibu analo, mkono haunyanyui.

Walimu mlioko Ngenge, mtoto akiwaambia nshomile, msicheke. Muulizeni amesoma nini, kisha mkae mumsikilize mpaka amalize.