Pikipiki ya Kwanza: Tupige Hesabu Kabla ya Kutia Sahihi

(Mazungumzo na vijana pamoja na wazazi wao, ukumbi wa parokia, Umoja)

Tuliombwa tuzungumze juu ya pikipiki. Siyo juu ya ubaya wa bodaboda, maana hayo mmeyasikia vya kutosha, na wengine wenu mmefika hapa leo mkiwa mmebebwa nazo. Swali tuliloletewa ni hili: kijana ana pesa kidogo, au tuseme mama yake ndiye aliye nazo, na wanataka kununua pikipiki ya kwanza ya kazi. Wanunue ipi?

Swali hili huletwa ofisini mwetu mara nyingi, na mara nyingi huletwa likiwa limechelewa. Mtu anakuja na karatasi mkononi, sahihi ameshatia, ndipo anauliza. Mama mmoja muuza mboga alikuja kwetu hivyo. Alikuwa amechukua pesa zake za chama akalipa arubuni, kijana wake akapewa pikipiki mpya inayong'aa, na mwezi wa kwanza nyumba nzima ilifurahi. Mwezi wa nne kijana akaugua homa ya matumbo, akalala siku tisa. Malipo ya kila siku hayakulala. Pikipiki ikaja kuchukuliwa asubuhi mbele ya majirani, na mama akabaki na deni la chama kwa kitu ambacho hakipo tena mlangoni. Hatukutaji aliyeichukua, maana mkataba ulisema hivyo na kijana alikuwa ameutia sahihi. Hakuusoma tu.

Wazee mtakumbuka kwamba bodaboda zilianza kwa baiskeli kule Busia, watu wakivushwa mpaka wa Kenya na Uganda. Huku kwetu pikipiki hazikuwa kitu cha kila kona. Zilifurika baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Kisha wakaja wenye mikopo, na hapo ndipo pikipiki ikageuka kuwa kitu ambacho kijana asiye na kitu anaweza kukipanda leo na kukilipa kesho. Lipa mdogo mdogo. Neno tamu hilo.

Sisi watu wa Umoja hatuwezi kusema malipo ya pole pole ni mabaya. Mtaa huu ulianza kujengwa miaka ya 1970 kwa mkopo uliotoka Marekani, na familia za kipato cha chini zikapata nyumba kwa kulipa mwezi kwa mwezi. Wengine waliingia wakiwa na chumba au viwili, wakaongeza cha tatu, leo tazama magorofa hayo. Lakini nyumba ilikuwa inapanda thamani wakati inalipwa. Pikipiki inachakaa wakati inalipwa. Siku unapomaliza deni, tairi limekwisha, cheni imekwisha, na injini inadai yake. Hiyo ndiyo tofauti, na mwenye kukuuzia hatakwambia.

Hebu tupige hesabu pamoja. Namba hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke zake. Tuseme pikipiki mpya dukani ni shilingi 170,000 taslimu. Huna. Unaambiwa lete 30,000, halafu lipa 450 kila siku kwa miezi 18. Shilingi 450 zinaonekana kama pesa ya chai na nyama. Miezi 18 ni kama siku 540. Mara 450, ni 243,000. Ongeza arubuni yako: 273,000. Umelipa 103,000 zaidi ya bei ya dukani.

Sasa chukua siku yenyewe. Kijana ameshinda kwenye steji ya Kangundo Road, ameingiza 1,200. Mafuta 350. Mkopo 450. Ya oili na spea, aweke 100. Chakula 150. Anaenda nyumbani na 150. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 3,900. Lakini zile siku nne za kupumzika mkopo unataka 450 kila moja, yaani 1,800. Kimebaki 2,100 kwa mwezi mzima, na bado hatujataja kodi ya nyumba, wala askari, wala mvua ya Aprili.

Mwenzake amenunua kuukuu ya 85,000, taslimu. Ameingiza 1,200 ile ile. Mafuta 350, spea tumuwekee 200 kwa sababu chombo ni kizee, chakula 150. Anabaki na 500. Kwa siku 26 ni 13,000. Akijinyima kama miezi saba, bei ya ile pikipiki imerudi mkononi. Na akiugua siku tisa, pikipiki inamngojea nyumbani.

Ndiyo maana sisi huwaambia watu kwamba bei ya pikipiki haiko dukani, iko katika siku. Usimwulize muuzaji ni pesa ngapi. Jiulize jioni itakuachia ngapi. Na usisahau kwamba bei ya mafuta haiko mikononi mwako: Septemba 2023 petroli Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza, na aliyekuwa amejipimia mkopo mpaka shilingi ya mwisho alijuta.

Kijana mmoja hapo mbele ametuuliza: na mimi nina 30,000 tu, hiyo 85,000 nitaitoa wapi? Swali zuri. Kama umri na leseni vinaruhusu, endesha ya mtu kwanza. Wako wenye pikipiki mbili tatu hapa mtaani wanaotafuta kijana mwaminifu wa kuendesha na kupeleka hesabu jioni. Utalalamika kwamba unamtajirisha mwingine, na ni kweli. Lakini utajifunza barabara kwa chombo ambacho si deni lako, utajua kama kazi yenyewe unaiweza, na zile 30,000 zitakaa katika sakko au chama zikiongezewa. Mikopo ya sakko mara nyingi ina riba ndogo kuliko ya wauza pikipiki, na watu wa chama wanakujua. Ukiugua watakuja kukuona kwanza kabla ya kudai. Wengi hawapendi jibu hili kwa sababu ni la polepole.

Tukija kwenye kununua kuukuu, hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoumizwa.

Nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji. Mpe chake, hata kama pikipiki hutainunua. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, sogeza mkono karibu na injini. Ikiwa ina joto, jiulize kwa nini ameipasha. Pikipiki nzima huwaka ikiwa baridi bila kubembelezwa sana. Ikishawaka, tazama moshi. Moshi mweusi mara nyingi ni mafuta kuzidi, jambo la kabureta, hurekebishwa. Moshi wa buluu unaoendelea maana yake injini inakula oili, ringi au silinda imekwisha, na hapo unanunua ukarabati.

Kisha cheni. Ivute kwa nyuma pale inapozunguka meno ya gurudumu. Ikiinuka mpaka unaona nusu ya jino, imekwisha. Meno yenyewe yakiwa yamechongoka kama kucha ya kuku, hesabu cheni na meno yote mapya. Isimamishe kwa stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, kuna bushi au beringi zimekufa. Geuza usukani taratibu: ukinasa katikati, beringi za usukani zimelika. Inua kiti uangalie fremu kwa chini, hasa pale kwenye keria. Pikipiki zetu hubeba mitungi ya maji, magunia ya viazi, hata kochi la watu watatu tumeliona likipita hapa Moi Drive. Ukiona alama za kuchomelea, uliza ilivunjikaje. Mwisho, mwambie fundi aiendeshe nawe usimame nyuma yake. Magurudumu yote mawili yafuate mstari mmoja. Yakienda kama kaa, iliwahi kuanguka vibaya.

Ile mita ya kilomita msiiamini. Tazama mpira wa kukanyagia na ile pedali ya gia, hivyo havidanganyi. Tena tazama namba. Namba za pikipiki zinazoanza na KM huenda kwa mpangilio wa herufi, kwa hivyo yenye KMD ilisajiliwa kabla ya yenye KMF. Mtu akikwambia ni ya juzi, nambari ya usajili itamkumbusha.

Na ukubwa? Vijana hupenda 150 kwa sababu ya mlio. Kwa kazi ya hapa, kutoka barabarani mpaka ndani ya Umoja, au kuvuka kwenda Donholm na Buruburu, huku ni tambarare na safari ni fupi. 100 au 125 inatosha na inakunywa kidogo. 150 ni ya mwenye mizigo mizito au safari ndefu. Kuhusu aina, msitafute ya ajabu. Hesabu pikipiki kwenye steji yako. Kama nyingi ni Boxer na TVS, ndizo fundi wa karibu anazijua na ndizo spea zake hupatikana bila kufunga safari mpaka Kirinyaga Road. Pikipiki isiyokuwa na wenzake hulala karakana ikingoja spea.

Za umeme pia mmezisikia. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua mpango wake kule Mombasa, na hapa Nairobi ziko kampuni, kama Roam, zinazoziunganisha papa hapa. Hazina oili ya kubadilisha na gharama ya kuzitembeza ni ya chini. Sisi hatuzipingi. Ila uliza betri ni ya nani. Mara nyingi unanunua pikipiki, betri unakodi na kubadilisha kwenye vituo vyao. Basi tembea kwa miguu uhesabu vituo vilivyo karibu na steji yako, na uulize wanaozitumia hungoja foleni kiasi gani jioni. Kituo kikiwa mbali, pikipiki ni yako lakini siku ni yao.

Sasa makaratasi. Tunajua hapa watu huanza kupiga miayo, lakini vumilieni. Pikipiki kuukuu isiyo na logibuku yenye jina la yule anayekuuzia, achana nayo, hata akiwa ni binamu yako. Linganisheni namba ya fremu na ya injini na ile iliyoandikwa. Kwa ada ndogo unaweza kuomba taarifa za umiliki kupitia eCitizen, utajua kama ina mkopo wa mtu. Umiliki nao huhamishwa huko huko na muuzaji mwenyewe kupitia akaunti yake. Usikubali kuambiwa "lipa tu, tutahamisha wiki ijayo." Na kwa anayechukua mkopo: uliza jina la nani litakuwa kwenye logibuku, na ukimaliza kulipa itachukua siku ngapi kuwa yako peke yako. Iandikwe.

Wazazi wenye vijana waliomaliza Fomu Foo, sikilizeni hili. Leseni ya kuendesha pikipiki yako mwenyewe ni A2, nayo hupatikana kuanzia miaka 18. Ya kubeba abiria au kupeleka vifurushi kwa malipo ni A3, na hiyo ni miaka 21. Mama anayemnunulia kijana wa miaka 19 pikipiki ya boda anamnunulia kesi. Halafu bima: ile ya matumizi ya nyumbani haimlindi abiria anayelipa. Ajali ikitokea, bima itauliza kwanza ulikuwa umembeba nani.

Kwa hivyo mtu akiwa na 85,000, asitafute pikipiki ya 85,000. Atafute ya 65,000 au 70,000. Zinazobaki ni za leseni, bima, koti mbili za kung'aa na helmeti mbili, yako na ya abiria, na abiria ni mmoja kama sheria isemavyo. Helmeti msinunue ile inayokatika ukiibonyeza kwa kidole gumba. Tumekaa na familia za majeruhi Kenyatta, katika wodi za mifupa, na gharama ya pikipiki ilikuwa imesahaulika kabisa. Kilichokuwa kinahesabiwa ni siku za kitanda. Kwa sababu hiyo tunawasihi pia mjiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mchango wa chini ni 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa wa mwaka, yaani 3,600. Uweke katika bei ya pikipiki.

Mzee ametuuliza kama ni vibaya basi kuchukua mkopo. La, mzee wetu, hatujasema hivyo. Kuna waliochukua wakamaliza, na tunawafahamu. Wengi wao walikuwa na kitu kingine nyumbani, mke ana kibanda au baba ana mshahara, kikabeba zile siku mbaya. Asiye na kitu kingine ndiye tunayemwonea huruma.

Jumamosi ijayo saa nne fundi wetu atakuwa hapa uani na pikipiki mbili kuukuu, moja nzima na moja mbovu, na hatasema ipi ni ipi. Njooni mjaribu kuzipima. Na yeyote mwenye mkataba ambao hajautia sahihi, auje nao. Tutausoma pamoja, mstari kwa mstari, na hakuna malipo.