Kesi ya Dover na Mipaka ya Sayansi Kuhusu Kusudi la Mungu

Nadharia ya usanifu wenye akili hudai kwamba baadhi ya maumbile ya viumbe hai ni tata mno kuweza kutokana na mageuko ya polepole. Lazima yawe na msanifu. Hoja ni kongwe. Mwaka 1802 kasisi Mwingereza William Paley aliitetea kwa kulinganisha viumbe na saa, ambayo haikosi fundi. Charles Darwin akaonyesha njia nyingine mwaka 1859: tofauti ndogondogo za kurithi, zikichujwa na mazingira kizazi hadi kizazi, huzaa maumbile yanayoonekana kana kwamba yalipangwa.

Mvutano huo ulifika mahakamani katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Oktoba 2004 bodi ya shule za Dover iliamua wanafunzi wa biolojia waelezwe kasoro za nadharia ya Darwin na kuelekezwa kwenye kitabu cha usanifu wenye akili, Of Pandas and People. Wazazi 11 walishtaki, na walimu wa sayansi walikataa kuwasomea wanafunzi tamko la bodi.

Shahidi wa bodi, mwanabiokemia Michael Behe, aliegemea mkia unaozunguka wa bakteria: ukiondoa sehemu moja, alidai, mtambo wote husimama, basi haukuweza kujengeka hatua kwa hatua. Kenneth Miller, mwanabiolojia na muumini wa Kanisa Katoliki, alijibu kwamba baadhi ya protini za mkia huo hufanana na zile za chombo ambacho bakteria wengine hukitumia kuingiza sumu kwenye seli. Kisichofaa kuogelea kinaweza kufaa kwa kazi nyingine. Rasimu za kitabu ndizo zilizowaumbua zaidi watetezi wake: baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha sheria ya Louisiana kuhusu mafundisho ya uumbaji mwaka 1987, maneno ya uumbaji yalibadilishwa kuwa ya usanifu, maelezo yakibaki karibu yaleyale.

Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones aliamua kwamba usanifu wenye akili si sayansi. Kama ni kweli au si kweli, hakutoa msimamo, na hapo alikuwa makini kuliko wengi waliomshangilia. Mwanateolojia John Haught alikuwa ameieleza mahakama habari ya birika: maji yanachemka kwa sababu gesi inawaka, na pia kwa sababu mtu anataka chai. Sayansi hushughulikia sababu zinazopimika, kama ile ya kwanza. Anayemtafuta Mungu katika mapengo ya biokemia humweka mahali ambapo kila ugunduzi utamhamisha. Naye mwanabiolojia Richard Dawkins, anapouchukulia uteuzi asilia kuwa hoja ya kukana kusudi, anazungumza falsafa.

Hata hivyo, mpaka huo kati ya sayansi na kusudi haulindi kila dai la dini. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, ingawa alishikilia kwamba roho ya mwanadamu haitokani na maada, dai lisilopimika. Dai kwamba dunia ina miaka 6,000 ni la aina nyingine: linapimika, na miamba na vimondo vimeshatoa jibu la takriban miaka bilioni 4.5.