Namba Isiyojumlishwa Ihifadhiwe kama Maandishi

Mada ya Ofisa Habari na Mawasiliano katika kikao kazi cha watendaji wa kata na vijiji



Orodha za kaya, vikundi na walipa ushuru mnazotuletea huingizwa katika kanzidata, ambamo kila safu ya jedwali hupewa aina yake: maandishi, namba au tarehe. Taarifa zinapohamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, mara nyingi aina hizo hubadilishwa. Hapo ndipo mwananchi anapoweza kupotea, ilhali jina lake lingali limeandikwa.

Chukueni namba ya Kitambulisho cha Taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ikiingizwa katika Excel kama namba, hutunzwa tarakimu 15 tu. Tano za mwisho hugeuka sifuri. Majirani wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kuonekana mtu mmoja, na mmoja akafutwa katika orodha ya wanufaika kwa madai kwamba amejiandikisha mara mbili. Kuigeuza safu hiyo kuwa maandishi baadaye hakumrejeshi: zitaandikwa sifuri zile zile.

Kipimo ni chepesi. Jiulizeni kama kuna siku mtaijumlisha namba hiyo. Namba za simu hakuna anayezijumlisha, nazo zikihifadhiwa kama namba hupoteza sifuri ya mwanzo.

Fedha ni kinyume chake. Hiyo lazima ihifadhiwe kama namba. Hatari yake ni koma. Ushuru wa shilingi 12,500 ulioandikwa kama maandishi ukigeuzwa kuwa namba kamili, PostgreSQL hukataa na kueleza kosa. MySQL, kwa amri ya CAST, husoma hadi penye koma na kurejesha 12, huku onyo likikaa pembeni, mahali ambapo wengi hatutazami. Binafsi naupenda zaidi mfumo unaokataa, hata kama unachelewesha kazi ya siku nzima.

Tarehe nayo ina utata. 03/04/2024 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Kwa mpangilio wa Marekani ni Machi 4. Andikeni 2024-04-03, mwaka ukitangulia.

Kwa wanaohamisha taarifa: safu ya zamani isiguswe. Ongezeni safu mpya, geuzeni thamani humo, kisha hesabuni safumlalo zilizoshindwa kugeuka na kulinganisha jumla ya fedha na daftari la stakabadhi. Safu ya zamani ifutwe baada ya hesabu hizo kukubaliana.

Orodha zenu za robo hii zitakapowasilishwa, safu za kitambulisho na simu ziwe zimewekwa kama maandishi kabla ya kuingiza jina la kwanza. Orodha ambayo namba zake za vitambulisho zinaishia na sifuri tano itarudishwa kijijini ili kila namba isomwe upya kutoka katika kadi ya mhusika.