Mwaka wa sita, na hamu bado inabisha hodi

Ndugu msikilizaji, kijana mmoja wa Makambako ameniuliza swali: ikiwa mtu ameacha kutazama picha za ngono mwaka wa tatu sasa, na hamu bado inamjia, je, amepona au anajidanganya?

Nitamjibu kwa yaliyonifika mwenyewe, kwani mimi nimo katika mwaka wa sita. Nilianzia kwenye kibanda cha video, enzi za mikanda ya miaka ya 1990, nikaja kumaliziwa na simu ya mkononi. Mke wangu anayajua yote hayo, ndiyo maana naweza kuyasema hapa.

Juma lililopita nilisafiri kikazi kutoka Mbeya kwenda Iringa. Saa mbili usiku nikafunga mlango wa chumba cha gesti. Baridi, kitanda kimoja, simu mkononi, na hakuna anijuaye. Hamu ikaja kana kwamba tuliachana jana.

Je, nilikuwa sijapona? La hasha. Yule mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliwazoesha mbwa kusikia mlio kabla ya chakula, hata mlio peke yake ukawatoa mate. Hilo wengi tumelisikia. Lisilosemwa sana ni kwamba alipoendelea kuwapigia mlio bila kuwapa chakula, mate yalikoma. Lakini wakishapumzishwa, mlio ule ule uliyarudisha, ingawa kidogo. Ndugu msikilizaji, chumba cha gesti ndio mlio wangu. Nyumbani Mbeya, watoto wakigombania rimoti, siusikii kabisa.

Wataalamu wenyewe wanabishana kama huu uitwe ulevi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka mwenendo wa ngono usiodhibitika miongoni mwa matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo, na likaonya kwamba kuona haya tu kwa sababu ya maadili hakutoshi kumfanya mtu mgonjwa. Waache wabishane. Aliyekwisha kukesha na simu hadi alfajiri na kuchelewa kazini hangoji jina.

Sheria nayo ipo. Ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayezichapisha picha hizo mtandaoni. Lakini haina mkono wa kuingia gesti saa mbili usiku.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliwafundisha watu kuitazama hamu kama wimbi: linapanda, linafika kileleni, linavunjika. Sisi wa nyanda za juu bahari iko mbali, ila ulanzi tunaujua. Mgema huenda kwenye mwanzi asubuhi na jioni, na kila aendapo hukata kipande chembamba ili maji yaendelee kudondoka. Asipokata, donda hukauka. Shina linabaki pale pale, na mvua nyingine litachipua. Kwa hiyo kijana wangu asihangaike kung'oa shina. Aogope kile kisu kidogo kiitwacho "nichungulie mara moja tu". Mimi kilinirudisha nyuma mara mbili, mwaka wa kwanza na wa pili, na mara zote mbili nilikuwa sijamwambia mtu.

Safari hii nilimpigia mama watoto. Nilimwambia, "Imekuja." Hakunihubiria. Aliniuliza, "Umekula?" Sikuwa nimekula. Nikashuka, nikamkabidhi simu mhudumu wa mapokezi aichaji hadi asubuhi, nikaenda kutafuta wali maharage. Nilipokuwa natembea, hamu ilizidi, kisha ikapungua. Niliporudi chumbani ikaja tena, ikanikuta sina cha kuipa.

Saa kumi na mbili asubuhi mhudumu alinirudishia simu yangu, imejaa chaji. Akaniuliza kama nililala vizuri. Nikamwambia nililala kuanzia saa saba.