Siku ya Tano, Mitole

(Hotuba iliyotolewa katika hafla ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwa hekalu letu)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari ya baiskeli ya hisani ambayo baadhi yetu tuliifanya kutoka Dar es Salaam hadi Lindi, kuchangia madawati ya shule za msingi. Wengi wenu mmekwisha kuziona picha zake, na katika picha hizo kila mtu anatabasamu. Leo naomba niwaeleze habari za siku moja ambayo haikupigwa picha.

Safari za namna hii si ngeni katika nchi yetu. Kila mwaka msafara wa Twende Butiama huondoka Dar es Salaam ukaelekea kijiji alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Nyerere, na njiani waendeshaji hupanda miti na kuchangia madawati. Sisi tulikuwa wachache, watu 18 tu, na mkubwa wao nilikuwa mimi mwenye miaka 64. Siku ya tatu tulivuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka kwamba kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003, magari yalisubiri kivuko, na masika yakizidi watu wa kusini walikatika na nchi yao wenyewe. Siku ya nne tulilala Nangurukuru, magoti yakiniuma, lakini moyo ukiwa mkunjufu.

Siku ya tano msafara uliiacha lami kuelekea Mitole. Ni mimi niliyeomba tupite huko. Miaka mitatu nyuma, Ba, yaani mama yangu mzazi, alipofariki, familia yetu ilitoa fedha kuchimba kisima cha pampu ya mkono kijijini hapo kwa kumbukumbu yake. Mkandarasi alichimba, akasimika pampu, akaniletea picha. Mimi mwenyewe sikufika. Nasema kweli mbele ya hekalu hili: siku ile niliomba tupite Mitole ili wenzangu wakalisome jina la mama yangu.

Barabara ilikuwa ya vumbi, na mahali pengine mchanga ulishika magurudumu hata ikatubidi kushuka na kusukuma. Kabla ya kufika kijijini tulimkuta kijana mmoja naye akisukuma baiskeli, Phoenix nzee isiyo na breki, iliyofungwa madumu manne ya maji. Dumu moja ni lita 20. Manne ni kilo 80 na zaidi. Sisi tulikuwa na baiskeli za gia 20 na chupa moja ya maji kila mtu.

"Shikamoo, babu," akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Maji haya unayatoa wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu upande tuliotoka. "Mbali kidogo. Nimeondoka alfajiri."

"Mbona nimesikia hapa kijijini ipo pampu?"

"Ipo, ile ya Bibi wa Kihindi. Ilikufa zamani."

Hakujua anazungumza na nani. Wala mimi sikumwambia. Nilishika keria ya baiskeli yake, tukasukuma pamoja hadi kijijini, na njia nzima sikupata neno la kusema.

Pampu niliikuta. Mpini wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ili watoto wasiumie. Jiwe la marumaru lenye jina la Ba lilikuwa safi kabisa. Mtu fulani alikuwa akilifagilia. Ndugu zangu, jina lilidumu, maji hayakudumu.

Wazee wa kijiji walitupokea kwa heshima nisiyostahili. Walitukalisha kwenye mkeka chini ya mwembe, wakatuletea muhogo wa kuchemsha na chai. Nilipokiinua kikombe nikatambua kwamba maji ya chai ile ni yale yaliyokuja juu ya baiskeli. Nilikunywa, kwa kuwa kukataa kungekuwa kosa la pili. Kisha nikajitambulisha.

Palikuwa kimya kwa muda. Mama mmoja mtu mzima akasema kwa upole, "Baba, pole kwa msiba. Mama yako tulimwombea dua kila tulipoteka. Iliposimama tuliipiga ile namba iliyoandikwa chini ya jina. Haikupatikana."

Namba ile ilikuwa yangu. Nilibadilisha laini mwaka uliofuata, na sikukumbuka kwamba imechongwa kwenye jiwe.

Fundi baiskeli wa kijiji, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amemzibia mwenzetu pancha, alitusaidia kuifungua pampu. Kilichoharibika kilikuwa mpira wa kuzuia maji, kitu cha kuenea kiganjani. Ulikuwa umelika, kama mpira wowote ulikavyo. Mkandarasi hakuacha wa akiba, wala spana, wala mtu aliyefundishwa. Na mimi je? Mimi ni muuza vipuri vya malori. Kwa miaka 40 nimewaonya wateja wangu wasinunue injini ambayo vipuri vyake havipatikani. Onyo hilo nimewapa watu wote isipokuwa nafsi yangu.

Mzee mmoja alinifundisha jambo jingine. Mikoa ya Lindi na Mtwara ilijengewa visima vingi vya pampu za mkono tangu miaka ya 1970, katika mradi wa maji uliofadhiliwa na Finland. Wazee wale walizijua pampu kabla yangu. Walijua ni nini huharibika kwanza. Hakuna aliyewauliza. Mimi niliwapa kisima kama mtu ampavyo mtoto peremende.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 hati ya kimataifa ya FSC kwa usimamizi bora wa misitu yao ya mpingo, navyo vilikuwa vijiji vya kwanza Afrika kupata hati hiyo kwa msitu wa asili wa jamii. Msitu ni wao, mauzo ni yao, ulinzi ni wao. Watu hao si wa kufundishwa kutunza kitu; ni wa kukabidhiwa.

Wazee wetu waliotoka Kathiawar walilijua hili. Kwao, mtu akitaka kumkumbuka mzazi wake aliweka parab kando ya njia: mitungi ya maji baridi chini ya kivuli, msafiri anywe bure. Lakini mitungi peke yake si parab. Lazima awepo mtu wa kuijaza na kumimina, leo, kesho, na kiangazi kijacho. Gita, katika sura ya 17, inatenga aina tatu za kutoa, na ile inayotafuta sifa haikuwekwa mahali pa juu. Waswahili nao wamesema: kutoa ni moyo, si utajiri. Mimi nilitoa kwa utajiri. Moyo niliuacha dukani.

Mwisho wa habari ni mfupi. Mpira uliletwa, maji yakatoka. Lakini mara hii pampu iko chini ya chombo cha watumia maji cha wanakijiji, kwa utaratibu wa RUWASA. Kina mama wawili na yule fundi baiskeli wamefundishwa kuifungua na kuifunga. Lipo sanduku la vipuri, na kila kaya inachangia kidogo. Namba ya simu jiwe halina tena; imo katika daftari lao, nami huwapigia kila mwezi kabla hawajanipigia.

Ndugu zangu, Halmashauri imetangaza mfuko wa hisani kwa heshima ya kumbukumbu hii, na majina ya wachangiaji yatachapishwa. Sipingi majina. Naomba mambo mawili. Kwanza, katika kila shilingi tutakayoitoa kujenga, tutenge sehemu ya kutunza. Pili, kila mwaka baadhi yetu tuende, kwa gari au kwa baiskeli, tukavitazame tulivyovitoa, na tuwaulize wenyewe vinaendaje. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nimeshapeleka baiskeli yangu kwa fundi. Anayetaka kufuatana nami hadi Mitole, aje baada ya chakula tuandikiane majina.