Oili na Chujio la Pikipiki: Namna ya Kuchagua

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mwanga)



Nimeombwa nizungumze juu ya matunzo ya pikipiki. Kwa kuwa muda tuliopewa hautoshi kueleza chombo kizima, nimeona nijifunge kwenye jambo moja ambalo kila mwenye pikipiki hulifanya, ama hulifanyisha, mara nyingi kwa mwaka, nalo ni kumwaga oili iliyochakaa na kutia mpya. Kazi yenyewe ni ndogo. Yaweza kufanyika nyumbani, uani, kwa spana moja na karai. Lakini uchaguzi unaoitangulia, yaani oili ipi na chujio lipi, ndio unaoamua kama injini itadumu mpaka deni lililoinunua liishe.

Nalitaja deni kwa makusudi. Zamani pikipiki katika milima hii ilikuwa ya bwana shamba, ya mganga au ya padri. Tangu serikali ilipotoa kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010, chombo hiki kimekuwa riziki ya vijana wetu kutoka Kifaru hadi Lembeni. Kinapandisha mbolea Usangi na Ugweno, kinateremsha kahawa na ndizi, kinachukua samaki wa Nyumba ya Mungu kutoka Lang'ata, na usiku kinamkimbiza mzazi hospitali. Wengi wamekinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, au wanakiendesha kwa mkataba na kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Injini ikinoki, hesabu haisimami, na mdhamini aliyetia sahihi katika fomu ya mkopo ni mwanachama mwenzetu.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Kosa lililo kubwa kupita yote ni kudhani kwamba oili ni oili. Katika magari mengi oili ya injini hukaa katika injini peke yake. Giaboksi ina oili yake, na klachi hukaa pakavu. Katika pikipiki zetu nyingi mambo hayako hivyo. Lita moja hiyo hiyo, au karibu na moja, inalainisha pistoni na silinda, inazunguka katika meno ya gia, na inaogesha sahani za klachi. Kazi hizi zinapingana. Pistoni inataka utelezi, lakini klachi inataka sahani zishikane zisiteleze. Meno ya gia nayo yanasaga oili kama kinu, yanakatakata zile chembe ndefu zinazoipa unene, hata oili iliyoingia nzito hutoka nyepesi. Na juu ya hayo, injini nyingi za pikipiki hizi hupozwa na upepo tu. Mpandie mtu na magunia yake kutoka Mwanga mjini kwenda Kikweni na kuendelea Usangi, kwa gia ya kwanza na ya pili, mwendo wa polepole usio na upepo wa kutosha, nawe utaelewa kwa nini lita hiyo moja inastahili heshima.

Basi tunapokwenda dukani tusome kopo. Kuna maandishi ya aina tatu yanayotuhusu, na hayamhitaji mtu ajue Kiingereza.

Ya kwanza ni namba za unene, kama 20W-50, 10W-40 au 10W-30. Namba iliyo mbele ya herufi W inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ile ya nyuma inaeleza unene wake injini ikiwa imechemka. Huku kwetu baridi si tatizo kubwa, hata asubuhi ya mwezi wa Julai kule juu chini ya Kindoroko. Kwa hiyo tuitazame zaidi namba ya nyuma. Hata hivyo, nawasihi msikimbilie 50 kwa sababu tu jirani anatumia 50. Injini imetengenezwa na nafasi maalumu kati ya vyuma vyake, na kitabu kilichokuja na pikipiki kinataja namba inayofaa. Pikipiki nyingi za mzigo zinazouzwa nchini zimeagiziwa 20W-50, lakini zipo mpya, hasa zisizo na kabureta, zinazotaka oili nyepesi zaidi. Kitabu kikiwa kimepotea, katibu aulize kwa wakala wa aina hiyo ya pikipiki, aandike jibu katika daftari la chama, na wanachama wengine wasome hapo.

Maandishi ya pili ni herufi za API, yaani daraja la ubora: SJ, SL, SM, SN na kuendelea. Herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo daraja lilivyo jipya zaidi. Oili isiyo na daraja lolote juu ya kopo isinunuliwe, hata ikiuzwa kwa bei ya chumvi.

Ya tatu, na hii ndiyo inayosahauliwa, ni alama ya JASO MA. Wajapani waliiweka mwaka 1998, baada ya kuonekana kwamba baadhi ya oili mpya za magari zimetiwa dawa ya kuongeza utelezi ili gari lipunguze kula petroli. Dawa hiyo ikiingia katika pikipiki, klachi huteleza. Injini inanguruma, pikipiki haipandi, na mwenyewe anabadilisha sahani za klachi kumbe ugonjwa uko katika oili. Alama ya MA, au MA1 na MA2, ni uthibitisho kwamba klachi itashika. Iko na MB, lakini hiyo ni ya skuta zenye klachi isiyolowana na oili, na haitufai. Sisemi kwamba kila oili ya gari itatelezesha klachi. Wako watu waliotumia oili nzito za magari miaka mingi bila taabu. Ninachosema ni kwamba asiyeiona MA anabahatisha, na mwenye mkopo hana sababu ya kubahatisha.

Niseme neno kwa wazee, maana wapo hapa waliozoea zile Yamaha ndogo za mabwana shamba. Zile nyingi zilikuwa za 2T. Oili yake ilichanganyika na petroli ikaungua pamoja nayo, na ule moshi wa buluu ulikuwa desturi yake. Pikipiki za leo karibu zote ni za 4T. Oili yake haichanganywi na petroli, na moshi wa buluu katika chombo hiki ni habari mbaya. Kopo la 2T lisitiwe katika injini ya 4T, wala oili ya giaboksi ya lori isitiwe kwa kisingizio kwamba ni nzito na itakaa sana.

Sasa chujio. Hapa pana tofauti kati ya pikipiki na pikipiki, na mafundi wetu wengine wanazichanganya. Honda ilipotoa CG125 mwaka 1976, iliitengeneza kwa ajili ya nchi ambazo mafundi na vipuri ni haba. Injini hiyo haina chujio la karatasi. Ina wavu wa chuma chini, unaozuia vipande vikubwa, na ina chombo kinachozunguka pamoja na krenki, ambacho hutupa uchafu mdogo pembeni kwa nguvu ya mzunguko na kuushika hapo. Pikipiki nyingi za Kichina tunazoziona barabarani zimetokana na injini hiyo. Mwenye injini ya namna hii hana chujio la kununua, lakini asidhani kwamba hana la kufanya. Wavu hutolewa, ukasafishwa kwa mafuta ya taa, ukaachwa ukauke. Usipanguswe kwa kitambaa chenye nyuzi, maana uzi mmoja unatosha kuziba tundu la oili. Kile chombo kinachozunguka kiko ndani ya mfuniko wa klachi, na kukifungua ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Apelekewe kwa muda uliotajwa katika kitabu.

Pikipiki nyingine zina chujio la karatasi, dogo, linaloingia katika kikombe chenye mfuniko ubavuni mwa injini. Hili haliogeshwi. Nimeona watu wakilisuuza kwa petroli na kulirudisha, wakiamini wameokoa fedha. Karatasi iliyosuuzwa imekwisha kulegea, na uchafu ulionaswa katikati ya nyuzi zake haujatoka. Chujio likiziba, katika injini nyingi mlango mdogo hufunguka ili oili ipite bila kuchujwa, kwa kuwa waundaji waliona afadhali oili chafu kuliko kukosa oili kabisa. Pikipiki inaendelea kutembea kama kawaida, huku mchanga ukipita katika vyuma. Chujio jipya lilinganishwe na la zamani kwa urefu, kwa upana wa tundu na kwa mpira wake kabla ya kulipa fedha. Litazamwe pia upande wake. Machujio mengi yana upande uliofungwa na upande wenye tundu, na mengine yameandikwa ni upande upi utazame nje. Likigeuzwa, oili haifiki inakotakiwa, na injini yaweza kufa siku hiyo hiyo.

Chujio la hewa nalo lihesabiwe hapa, ingawa halimo ndani ya oili. Vumbi la mashamba ya mkonge na la barabara ya kwenda ziwani ni mchanga mtupu. Likipita katika chujio lililotoboka, linasugua ringi na silinda, na lililobaki linaishia katika oili. Sponji ioshwe, ikaushwe, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Chujio la karatasi lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na likichanika libadilishwe. Kutia oili ya bei kubwa katika injini isiyo na chujio la hewa ni kuchota maji kwa pakacha.

Watu huniuliza, tubadilishe baada ya muda gani? Vitabu vingi vinataja kilometa 3,000 hivi, baada ya mabadiliko ya kwanza ambayo huja mapema pikipiki ikiwa mpya. Anayetembea kilometa 100 kwa siku anazimaliza kwa mwezi mmoja. Kwa milima yetu, mizigo yetu na vumbi letu, ningeshauri 2,000, na kijiti cha kupimia kitazamwe kila Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha. Weusi peke yake usiwatishe. Oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu inabeba masizi iliyoyaosha. Mtishwe na oili yenye rangi ya chai ya maziwa, kwani hiyo imeingiliwa na maji, na mtishwe na chembe zinazometameta katika karai.

Siku ya kumwaga, injini ipashwe moto dakika chache, pikipiki isimamishwe wima, oili itoke yote. Washa ya bolti ya chini iwe mpya, na bolti isikazwe kwa hasira, kwa maana karteri ni ya aluminiamu na nyuzi zake zikikatika gharama yake ni kubwa kuliko oili ya mwaka mzima. Itiwe kiasi kilichoandikwa, kisizidi wala kisipungue. Gari likipungukiwa robo lita katika lita zake nne halitaona sana, lakini pikipiki imepoteza robo ya yote iliyo nayo.

Nimeacha kwa makusudi hadi sasa swali la mahali pa kununua, maana hapo ndipo ushirika unapoingia. Mwanachama wa Kilomeni mwenye haja ya lita moja hununua oili ya kupima, iliyomiminwa katika chupa ya maji kutoka kwenye pipa ambalo hakuliona likifunguliwa. Au hununua kopo zuri lenye jina kubwa ambalo limekwisha kutumika na kujazwa tena. Atazame muhuri wa kifuniko, alama ya Shirika la Viwango Tanzania na namba ya toleo, na kopo tupu alitoboe kabla ya kulitupa. Lakini mtu mmoja mbele ya duka moja hana nguvu. Chama chenye pikipiki ishirini za wanachama kinaweza kununua katoni nzima zilizofungwa, pamoja na machujio ya aina zile zilizo nyingi kwao, kutoka kwa wakala mwenye kutoa risiti, na kuviuza kwa wanachama kwa bei ya kununulia na nauli. Kamati ya mikopo nayo inaweza kudai kwamba mkopaji wa pikipiki aonyeshe daftari la oili, tarehe na kilometa, kama inavyodai kadi ya chombo.

Limebaki suala la oili chafu. Najua inapakwa nguzo za boma kuzuia mchwa, na wengine huwapaka ng'ombe. Ngozi ya mtu na ya mnyama isiguswe nayo, kwa sababu ina mabaki ya kuungua yanayoweza kuleta saratani. Na iliyobaki humwagwa kando ya mfereji. Shirika la Mazingira la Marekani linakadiria kwamba oili ya kubadilisha mara moja tu katika gari inaweza kuharibu maji safi galoni milioni moja. Ndiva zetu zilichimbwa na wazee kwa msaragambo, na maji yake yananywesha mashamba ya watu wa chini ambao hawakumwaga kitu. Napendekeza kila chama kiweke pipa moja lenye mfuniko, juu ya saruji, mbali na mfereji, kila mwanachama alete oili yake kwa dumu, na likijaa likabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali. Ndugu Mwenyekiti, naomba makatibu waseme leo, kabla hatujafunga mkutano, pipa hilo litawekwa wapi katika kila chama na ni nani atakayeshika ufunguo wake.